Shemeji Niliyemtoa Uwanjani

Tarehe 4 Februari

Kwako dada,

Kama umeifungua barua hii na bado unasoma, basi u mzima, na ninashukuru. Wanao pia natumaini ni wazima. Mimi si mzima, ndiyo maana naandika.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu zangu ulizifungia zamani, kwa hiyo nimeituma kwa basi mpaka gereji kwenu. Dada, figo zangu zimekufa zote mbili. Nimelisema haraka nisije nikalizungusha. Kipenga nimekitundika tangu mwaka jana, sichezeshi tena. Siku moja nalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku inayofuata najikongoja nyumbani, kesho yake narudi kwenye mashine. Ndiyo maisha yangu hayo.

Daktari wetu akiongea anachanganya Kiswahili na Kiingereza, na kuna neno moja halimtoki mdomoni: mechi. Tutafute mechi. Mechi ikipatikana tutaendelea. Siku ya kwanza nilifurahi kama mjinga, nikadhani ameambiwa kazi yangu. Nikamwambia, daktari, mimi mechi nimechezesha mpaka sauti ikakauka, unaulizia ipi? Akaniangalia kwa huruma. Kumbe anamaanisha mtu ambaye damu yake na yangu hazitapigana, ili figo yake moja ikae kwangu.

Mashine ya jirani yuko mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzee wa maneno mengi, na kwa kuwa siwezi kumkimbia ananifundisha. Anasema neno hilo Waingereza wamelitwisha mizigo kama punda. Ni mchezo wa mpira. Ni njiti ya kibiriti. Ni nguo zinazoendana, ni mume au mke wa kufaana naye. Ni mpinzani wa saizi yako, yule wa kukunyoosha ukizidisha maringo. Nikamuuliza, na figo je? Akasema figo nayo wameibandika humo humo, walikuwa wavivu wa kutafuta neno jingine. Tukacheka mpaka muuguzi akatugombeza kwa kutikisa mipira ya kupitishia damu.

Daktari anasema waanze ndugu wa damu. Ndugu wa damu ninaye mmoja tu. Sikuombi, dada, nakuarifu.

Haya basi. Nakuomba.

Ni mimi mdogo wako,
Kipenga


Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Watoto wamekuwa wakubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu hujawahi kuwaona. Wewe sikuulizi hali, umeshanieleza, na tangu niisome hiyo hali yako chakula hakipiti.

Lakini usidhani nimesahau. Mume wangu alikuja nyumbani kwetu kwa heshima zake zote, amenyoa, amevaa shati la kuazima, ameongozana na wazee wake. Wewe ukasimama mlangoni, mikono kiunoni, ukatamka: "Huyu nilimpa kadi nyekundu. Mtu niliyemtoa uwanjani haingii nyumbani kwangu." Wale wazee walicheka, maskini, wakadhani unatania. Kumbe mwenzao huna utani. Nikaolewa bila mtu hata mmoja wa upande wangu, mimi niliyekubeba mgongoni mpaka nguo zangu zikanuka mikojo yako. Kwa ajili ya faulo! Faulo ya mchezo wa mtaani ambao hata kombe halikuwepo!

Nitakuja kupimwa. Nakwambia mapema usije ukafikiri nimeandika yote haya ili nikukatalie.

Na hilo neno la daktari wako mimi nalitumia kuliko yeye. Hapa gereji mume wangu ananyoosha bodi, mimi napaka rangi. Mtu analeta gari limebadilishwa mlango mmoja, anataka ule mpya umechi na mitatu ya zamani. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari, ukiifuata hiyo unaaibika, maana gari limekaa juani na rangi yake imeshachuja. Nachanganya kidogo, napaka kwenye kikadi, nasubiri kikauke, nakitoa nje nikiweke kwenye mlango. Nachanganya tena. Mteja akija asijue mlango mpya ni upi. Mwambie daktari wako amepata fundi.

Ila siji peke yangu. Mume wangu ndiye atakayenileta. Kama hutaki, sema sasa.

Dada yako


Tarehe 15 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye mashine, na mwalimu naye akaisoma juu ya bega langu bila aibu. Anakusalimu. Anasema una ulimi wa kunolea visu.

Njoo upesi. Sikukueleza kila kitu kwenye barua ya kwanza. Mashine inaunganishwa na mwili kupitia mshipa, na mishipa yangu inaziba. Mkono wa kushoto ulikufa kwanza, wa kulia umegoma juzi, sasa wamenitoboa shingoni. Nimemuuliza daktari, na shingo ikigoma? Akaanza kukung'uta kalamu yake kwenye meza. Nimewachezesha watu wazima wanaosema uongo mbele yangu kila wiki, najua mtu anayetafuta maneno akoje. Nikamwambia asinifiche. Akasema basi, tuombe mechi ipatikane kabla ya hapo.

Kuhusu huyo mtu wako. Akulete, sina neno. Lakini abaki nje. Refa hapigi kipenga halafu akakimeza. Leo ukimrudisha mmoja uliyemtoa, kesho nani atakuheshimu?

Usikasirike, njoo tu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama, watoto nimewakuta wazima. Nilitaka kukuandikia siku ile ile nikashindwa.

Umeshaambiwa, najua, lakini niliahidi kukwambia mwenyewe. Hatumechi. Nilimwambia yule dada wa maabara arudie, akarudia. Akanionyesha: wamechanganya damu yangu na yako kwenye kichupa, zikagandana vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Nikamuuliza inawezekanaje, baba mmoja, mama mmoja, tumelala kitanda kimoja? Akasema ni bahati tu, wengine hupata, wengine hawapati. Nilitaka kumkaba, na mwenzangu hana kosa lolote.

Ulivyokonda, jamani. Shingo imekuwa kama ya kuku. Nilikuwa nimejiandaa kukusema, nimepanga maneno njia nzima, nilipokuona na ule mpira shingoni yote yakayeyuka. Na wewe ukajifanya kunichekesha. Usinifanyie hivyo tena, ukiumwa umwa.

Mume wangu alibaki nje kama ulivyoagiza, hakulalamika. Nilipotoka sikumkuta kwenye benchi, nikamsubiri mpaka nikakasirika. Alipokuja nikamwaga hasira zangu zote kwake, njia nzima, maskini ya watu.

Jana nimeletewa gari la bluu, mlango mmoja tu. Nimechanganya rangi asubuhi mpaka jioni na haikukubali. Nimeshika kikadi nje kwenye jua nalia mbele ya mteja, nikamwambia ni mvuke wa tina ya kuchanganyia rangi.

Tafadhali niambie kuna mtu mwingine. Rafiki, mchezaji wako wa zamani, yeyote.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada yangu,

Nafuu ipo, si kubwa. Asante kwa kuja, na asante kwa kutonisema.

Wamekuja wawili kupimwa, waamuzi wenzangu wa pembeni. Mmoja amekutwa na presha aliyokuwa haijui, sasa ameanza dawa, angalau nimemfaa. Wa pili hatulingani hata kidogo, na yeye aliposikia hivyo alivuta pumzi ya mtu aliyeachiliwa. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningekimbia kabisa.

Mwalimu hayupo. Nilifika juzi nikakuta kwenye mashine yake ameunganishwa mama mmoja mnene. Nikamsalimu yule mama kwa adabu, nikamgeukia muuguzi, naye akageukia dawa zake. Dada, yule mzee siku ya mwisho alinipa maana nyingine ya lile neno letu, akasema nikalale nalo. Anasema Waingereza wakikutana na mtu jeuri aliyepata mwenye nguvu kama zake, wanasema amepata mechi yake. Akanichekea, akasema, "Wewe Kipenga, ugonjwa huu ndio mechi yako. Usiupe dakika za nyongeza." Halafu amekwenda yeye.

Shingo imeanza kuvimba upande mmoja. Daktari amekuja kuitazama mara nyingi mno.

Naogopa. Sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu, hata wale mashabiki waliponifukuza na mawe sikulisema. Nikiwa kwenye mashine najikaza, nafanya utani na wauguzi. Nikirudi nyumbani nakaa kitandani sijavua hata viatu, naogopa kulala nisije nisiamke.

Kama tumefika mwisho, vitu vyangu vichache wape wanao. Waambie mjomba wao alikuwa na kichwa kigumu, ila alikuwa haonei.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu leo. Naandika haraka, vumilia mwandiko.

Hospitali yenu imepiga simu hapa gereji. Hawakunitaka mimi, walimtaka mume wangu. Akachukua simu akaenda kusimama nyuma ya gari alilokuwa akilinyoosha, anaongea kwa sauti ya chini, yeye ambaye akiongea na simu mtaa mzima unasikia. Nikajua kuna jambo. Nikafikiri ni mwanamke, Mungu anisamehe, mpaka nilipombana akanieleza.

Siku ile tulipokuja, mimi nikiwa ndani kwako, yeye aliingia mlango wa maabara akasema apimwe. Hakuniaga, hakumwambia mtu. Damu yake na yako zimekubaliana. Wakamwita tena, akaniaga anakwenda kununua bati, kumbe anakwenda kupigwa picha za figo. Amepita vipimo vyote. Mwanamume niliyemwacha nje kwenye benchi, kwa amri yako, ndiye mechi yako.

Sasa nisikilize vizuri, na usinichukie. Nakuomba ukatae.

Najua ninachoandika. Nimekaa nacho kifuani, nimekigeuza huku na huku, bado kimekaa vile vile. Wewe ni damu yangu, siwezi hata kufikiria kukuzika. Lakini huyu ndiye baba wa wanangu. Anashika nyundo, anabeba injini, anapasuliwa ubavu halafu iweje? Na akilala pale mezani asiamke? Watanirudishia mwili nimpeleke wapi, kwa watoto? Niwaambie baba yenu amekufa kwa ajili ya mtu aliyemfukuza mlangoni?

Kama angekuwa amewahi kula nyumbani kwako. Kama ungewahi hata kumwita jina. Lakini wewe bado unamwita "huyo mtu wako".

Nimemkataza, hanisikii. Ananijibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniua. Anasema uamuzi ni wake na wako. Basi kataa wewe. Mwambie daktari hutaki. Yeye hatajua kwamba ni mimi niliyekuomba.

Ninakupenda. Nisamehe. Kataa.

Dada yako


Tarehe 21 Machi

Dada yangu mpendwa,

Leo naandika kwa furaha, na sijui kama umeshaambiwa, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Mumeo amekuja. Peke yake, na ovaroli ya gereji, nywele zimejaa vumbi la bati. Alinikuta nimeshaunganishwa kwenye mashine, sina pa kwenda. Akavuta kiti.

Akasema, "Refa, leo huwezi kunitoa, umefungwa."

Nikasema, "Muuguzi anaweza kukutoa, nikimwita."

"Mwite."

Sikumwita. Kisha akaniambia habari za vipimo, kwa kifupi, kama mtu anayekueleza gari lako limeharibika nini. Nikamuuliza kwa nini. Kwa nini mimi, baada ya niliyomfanyia mbele ya wazee wake. Akakuna kichwa. Akasema mke wake analia akipaka rangi, na rangi yenye machozi inatoka mapovu, wateja wanarudisha magari. Ndiyo sababu aliyonipa, dada, sikuongeza neno.

Halafu akasema, "Ila kuna jambo moja tulimalize. Yule mtu sikumgusa."

Nikasema, "Ulimgusa."

"Niligusa mpira."

"Uligusa mpira baada ya kuugusa mguu wake. Nilikuwa karibu kuliko wewe."

"Refa, nakuletea figo na bado unanipa faulo?"

"Faulo ni faulo."

Akaanza kucheka, nikaanza kucheka, yule mama wa mashine ya jirani akatukodolea macho. Nikacheka mpaka nikajikuta nalia, nalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Akanifuta uso kwa kitambaa chake kinachonuka mafuta ya breki. Nikamwambia neno ambalo nilipaswa kulisema siku ile mlangoni: karibu, shemeji.

Nimekubali. Nimemwambia daktari, na daktari amepanga mwezi ujao, mapema iwezekanavyo. Dada, huenda nikaishi. Nakiandika kitu hicho nakitazama.

Sijui nikwambie nini wewe uliyempata mtu wa namna hii na mimi nikamfungia mlango. Nikipona nitakuja kusema huko huko kwenu, mbele ya watu, kama nilivyokosea mbele ya watu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kipenga


Tarehe 25 Machi

Dada,

Barua yako ya tarehe 20 imenifikia leo. Yangu ya furaha itakuwa imeshafika kwako. Zimepishana njiani.

Nimeisoma mara nyingi. Sikukasirika, na wala usijisikie vibaya. Una haki yote. Ningekuwa na mke na watoto ningeandika hivyo hivyo, tena kwa maneno makali zaidi.

Nimekwenda kwa daktari nikamwambia nimebadili mawazo, sitaki. Akanibishia, akapandisha sauti, akaniita mwendawazimu, halafu akanisihi. Nikamwambia refa ameshapuliza. Nimemwambia amjulishe shemeji kwamba ni mimi niliyekataa kwa sababu zangu, sina haja ya kueleza. Jina lako sikulitaja na sitalitaja.

Shingo bado inashika. Kesho naenda kwenye mashine kama kawaida.

Wasalimie watoto. Msalimie na yeye.

Mdogo wako


Tarehe 3 Aprili

Wewe,

Nani alikwambia unisikilize?

Tangu ukiwa mdogo nimekwambia maneno mangapi na hukufuata hata moja? Nilikwambia usipande paa, ukapanda. Nilikwambia uache kuchezesha timu za wahuni, ukapigwa mawe. Nilikulilia umpokee mume wangu, ukatia pamba masikioni. Maisha yako yote umekuwa na kichwa kama jiwe, na siku moja hii, siku moja tu ambayo ulitakiwa uwe mkaidi, ndiyo umeamua kuwa mdogo mtiifu! Ebo!

Tulia nikueleze.

Hospitali ilipompigia mume wangu na kumwambia umekataa, aliweka nyundo chini. Akaniangalia. Miaka yote niliyoishi naye hajawahi kuniangalia hivyo. Nikajua amejua. Nikamwambia kila kitu palepale, mbele ya mafundi, kwamba nilikuandikia ukatae. Nilitegemea afoke. Nilitaka afoke, ingekuwa rahisi.

Aliniuliza, "Ukimzika, utaniangalia kwa jicho gani?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Mimi najua. Utaniangalia kila siku na utaiona ile figo imebaki humu ndani, haina kazi. Hutanilaumu. Utajilaumu wewe, na mimi nitakuwa nakaa na mwanamke anayejilaumu mpaka tuzeeke. Hapo ndipo utakuwa umenipoteza kweli."

Nikamjibu naogopa. Akasema na yeye anaogopa, tena sana, anaogopa hata sindano, siku ya kupimwa damu alifumba macho na yule dada wa maabara akamcheka. Sikuwa najua. Nimelala naye kitanda kimoja sikujua anaogopa sindano.

Siku zilizofuata hatukuongea vizuri. Nilikuwa namtazama akila, akiwafunga watoto viatu, akicheka na wateja, na kila nikimtazama nahesabu nitakachokikosa. Nikikufikiria wewe nafanya vile vile. Hakuna upande usiouma. Mwalimu wako marehemu angetutafutia neno la Kiingereza la hali hii, mimi la Kiswahili sina.

Sijaacha kuogopa. Naogopa zaidi ya tarehe 20. Lakini nimempigia daktari wako mwenyewe, nimemwambia mgonjwa wako ni mpumbavu, alikataa kwa ajili yangu, na mimi nimeondoa neno langu. Amesema nafasi ya chumba cha upasuaji bado ipo.

Tunakuja Jumatatu, wote wawili, na watoto tunamwachia mke wa mwenye gereji. Safari hii hakuna anayebaki nje. Nikifika nisikukute, nitakutafuta mtaa kwa mtaa nikubebe mgongoni kama zamani, na safari hii u mwepesi.

Dada yako


Tarehe 17 Aprili
Wodi ya wanaume, chini

Dada,

Nampa muuguzi hiki kikaratasi akuletee huko juu, kwa kuwa wamenikataza kushuka kitandani na wewe umekataa kumwacha mumeo hata kidogo. Unafanya vizuri. Usije.

Jana baada ya upasuaji waliniambia figo imekaa mahali pake lakini imelala, haifanyi kazi, tusubiri. Sikuuliza tusubiri mpaka lini. Halafu nikawasikia wauguzi wakisema mlangoni kwamba yule mtoaji anavuja damu ndani, amerudishwa kwenye chumba cha upasuaji. Wanadhani mgonjwa akifumba macho masikio nayo yamefungwa. Tangu hapo kila anayeingia namuuliza, kila mmoja ananijibu "anaendelea vizuri" kwa sauti ile ile. Hakuna anayeniambia ukweli. Nimemwambia daktari kama inawezekana anifungue tena, amrudishie figo yake. Amenikemea.

Sasa sikia. Leo asubuhi nimekojoa.

Tangu mwaka jana sijakojoa hata tone, dada. Ukiwa na figo zilizokufa hukojoi, maji yote yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Sikukwambia, mwanamume hamwambii dada yake mambo hayo. Leo nimeona maji yanashuka kwenye mpira, ya njano, yanaingia kwenye ule mfuko ulioning'inizwa pembeni. Muuguzi ameita wenzake, wamenizunguka wanapiga makofi. Mimi nimefunika uso na shuka.

Sina furaha. Nimelala hapa nakojoa kwa figo yake na sijui kama yuko hai. Tafadhali niandikie neno moja. Lolote, hata likiwa baya, nitalipokea kutoka kwako.

Mdogo wako


Tarehe 17 Aprili
Wodi ya juu

Mdogo wangu,

Yuko hai. Naanza na hilo.

Jana sikuweza kukuandikia, nilikuwa sakafuni nje ya kile chumba, nimekaa na viatu vyake mapajani. Walitoka wakaniambia mshipa mmoja uliachia na wameushona, na kwamba usiku ndio utasema. Usiku umepita. Alfajiri damu imesimama, presha imepanda ikakaa sawa. Daktari amekuja mara mbili, na mara ya pili ametabasamu. Mimi nimemwamini aliponiambia nikaoge.

Ameamka wakati muuguzi ananikabidhi kikaratasi chako. Alipoona nakisoma nimeshika kichwa akauliza, sauti haitoki vizuri, "Refa amekufa?" Nikamsomea yote, mpaka pale pa makofi. Akaanza kucheka, mshono ukamuuma, akashika ubavu analia na kucheka, nikamfunika mdomo kwa mkono wangu, na mimi mwenyewe nimeshindwa kujizuia. Tumelia sote wawili hapa, watu wa wodi wanadhani tumefiwa.

Sasa amelala, mkono wake umeshika nguo yangu. Siwezi kushuka kuja kwako mpaka aachie, na sitaki aachie.

Wewe kunywa maji kama walivyokuelekeza. Usibishane na mtu. Kojoa, mdogo wangu. Kojoa mpaka wauguzi wachoke kubeba.

Dada yako